Mafundi wa Tanbihi

Mtu akikosea matokeo ya mechi ya Simba na Yanga kwenye Wikipedia, mashabiki watamzomea na makala itasahihishwa kabla ya jioni. Akikosea dawa ya malaria kali, kosa linaweza kukaa, kwa sababu wengi wanaofungua makala hiyo wamekuja kuuliza, hawakuja kubishana. Ndiyo maana wahariri wa kujitolea wanaoshughulikia makala za tiba wamejiwekea masharti makali kuliko wenzao wa michezo. Nimezoea kuwafuatilia kwenye historia za kurasa na katika mabishano yao marefu, na mara nyingi huishia kuwavulia kofia.

Chukua sentensi moja: malaria kali hutibiwa kwa sindano ya kwinini. Zamani hiyo ilikuwa kweli, na vitabu vinavyosema hivyo bado vipo kwenye rafu za vyuo. Mhariri mvivu angenakili, akaweka tanbihi, akaenda zake. Fundi huanza na mwaka wa kuchapwa. Marejeo ya tiba yanayopendelewa ni ya miaka mitano hivi iliyopita. Ya zamani zaidi yana mzigo wa kueleza kwa nini bado yapo.

Kisha anachimba. Mwaka 2005 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika Bangladesh, India, Indonesia na Myanmar: kati ya waliopewa atesuneti walikufa asilimia 15, kati ya waliopewa kwinini asilimia 22. Pengo kama hilo linatosha kumfanya mtu aanze kuandika palepale. Fundi hufungua kwanza jedwali ambalo wasomaji wengi huliruka, lile linaloonyesha wagonjwa walikuwa akina nani. Wengi walikuwa watu wazima. Basi sentensi inayomhusu mtoto wa miaka miwili wa Muheza haiwezi kuegemea hapo. Jibu la mtoto huyo lilikuja 2010, kwa utafiti wa watoto 5,425 katika nchi tisa za Afrika, Kilifi na Muheza zikiwemo: vifo asilimia 8.5 kwa atesuneti, 10.9 kwa kwinini.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba hata utafiti huo hawaufanyi tanbihi kuu. Wanataka mapitio, yaani kazi ya watu waliokusanya tafiti zote zilizouliza swali lilelile, zilizoonyesha nafuu na zisizoonyesha, wakazipima ubora mojamoja. Shirika la Cochrane, lililoanzishwa Uingereza mwaka 1993, linajulikana kwa kazi hiyo, na limekuwa likishirikiana na Wikipedia tangu 2014. Au wanataka mwongozo wa Shirika la Afya Duniani. Wanajua kwamba mhariri akiachiwa ajichagulie utafiti mmoja anaoupenda, hakosi wa kumuunga mkono kwa lolote. Makala ya mwaka 1998 iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji ilikuwa na watoto 12 tu, lakini ilitoka kwenye The Lancet, na jina la jarida likawatisha wengi. Ilifutwa 2010. Kukagua kama rejeo limefutwa ni kazi ya dakika moja, na inashangaza ni wangapi hawaifanyi. (Gazeti lenye kichwa cha habari kinachoanza na “Wanasayansi wagundua” hata halijadiliwi.)

Lakini sharti la kusubiri mapitio lina gharama yake, na hapo ndipo ufundi hupimwa. Mwaka 2011 yalitoka matokeo ya jaribio la FEAST, lililowahusu watoto 3,141 wa Kenya, Tanzania na Uganda waliofika hospitali na homa kali na damu isiyozunguka vizuri. Desturi iliyotoka nchi tajiri ilikuwa kuwapa watoto kama hao dripu nyingi kwa haraka. Jaribio lilisimamishwa kabla ya muda: ndani ya saa 48 walikufa asilimia kati ya 10 na 11 ya waliopewa dripu ya haraka, na asilimia 7.3 ya wasiopewa. Mwongozo wa kimataifa ulikuwa bado unasema vingine. Uandike nini?

Anayeshika sheria kama msahafu angeacha makala ilivyo. Mwenye pupa angefuta mwongozo. Mimi naona sahihi ni njia ya tatu, ambayo masharti yenyewe yanairuhusu: mwongozo unabaki, na pembeni yake inakaa sentensi inayolitaja jaribio kwa mwaka wake, nchi zake na aina ya watoto waliohusika, bila neno hata moja linalozidi kile kilichopimwa. Si haki kuipeleka sentensi hiyo kwa mtoto anayeharisha na kuishiwa maji, maana watoto wa namna hiyo hawakuingizwa. Mwaka 2016 mwongozo ulirekebishwa: mtoto mwenye dalili moja au mbili za mzunguko hafifu wa damu, ambaye hajafikia shoki, asipewe dripu ya haraka.

Mwongozo wa malaria nao, tangu 2021, umewekwa pamoja mtandaoni na hurekebishwa sehemu kwa sehemu. Tanbihi inayotaja mwongozo bila tarehe haitoshi tena. Mhariri makini huandika tarehe ya toleo alilosoma na sehemu aliyoitegemea, ili atakayemfuata ajue pa kuanzia kukagua.