Datsun 240Z ya 1971: Makovu Yabaki, Injini Iamke

Pasaka ya mwaka 1971, Edgar Herrmann na msoma ramani wake Hans Schüller walishinda mbio za magari za Safari ya Afrika Mashariki wakiwa na Datsun 240Z nyekundu, boneti nyeusi, namba 11. Wa pili alikuwa Shekhar Mehta wa Uganda, naye akiendesha gari la aina hiyohiyo. Gari la Herrmann lilirudi Japani na majeraha yake, Nissan wakalitunza. Mwaka 2013 wafanyakazi wa kituo cha ufundi cha kampuni hiyo, wanaojitolea kufufua magari ya zamani, walilifanyia kazi, na Desemba mwaka huo likanguruma tena mbele ya watu katika uwanja wa Fuji.

Ukiliangalia leo, bodi bado ina mabonde na mikwaruzo ya mashindano. Huo ndio uamuzi wa kiufundi uliobeba kazi nzima: kilichoandikwa na barabara zetu kiachwe, kinachofanya gari liwake, liende na lisimame kishughulikiwe. Miaka ya 1990 mwishoni, Nissan ya Marekani ilifanya kinyume. Ilinunua 240Z zilizochoka, ikazivua hadi bati tupu, ikazijenga upya na kuziuza kama mpya kwa takriban dola 27,500. Kwa gari la kawaida njia hiyo ni halali kabisa. Kwa gari lililoshinda Safari, bati jipya na rangi mpya ni sawa na kulifuta jina.

Hapa Morogoro tunakosea mpangilio. Mwenye gari analeta Datsun ya marehemu baba yake na jambo la kwanza analouliza ni rangi. Fundi anapiga msasa, anajaza puti, anapuliza, na gari linatoka gereji likimeremeta huku sakafu yake inaoza. Mvua za milima ya Uluguru na tope jekundu havina huruma: tope linajibanza kwenye matundu ya chini, linashika unyevu wiki nzima baada ya jua kutoka, na kutu inakula kutokea ndani.

Kwa 240Z hilo ni hatari zaidi, kwa kuwa haina chesi ya kujitegemea kama Land Rover. Bodi ndiyo chesi. Nguvu yake iko kwenye sakafu, vizingiti vya milango na mihimili miwili ya bati jembamba inayopita chini kuelekea mbele. Kutu hupenda kuanzia chini ya kitako cha betri, kwa kuwa asidi inadondoka hapo, kisha kwenye sakafu na nyuma ya matao ya matairi. Ukikata vizingiti vyote viwili kwa mkupuo, gari linajikunja, na milango haitafunga sawasawa tena hata ungeinyoosha mwaka mzima. Fundi makini huchomelea kwanza mabomba ya muda ndani ya nafasi za milango, hupima mishazari na kuiandika, kisha hukata upande mmoja, huumaliza, hupima tena, ndipo anapohamia wa pili. Kazi hii haionekani kwenye picha, lakini ndiyo ninayoiheshimu kuliko rangi yoyote.

Injini ni L24: silinda sita kwa mstari, sentimita za ujazo 2,393, bloku ya chuma na kichwa cha aluminiamu. Ndoa hiyo ya metali mbili haitaki maji matupu ya bomba kwenye rejeta. Bila dawa ya kuzuia kutu, njia za maji kichwani huliwa polepole. Injini iliyolala miaka mingi haiamshwi kwa stata. Toa plagi, mimina mafuta kidogo katika kila silinda, subiri siku kadhaa, kisha zungusha kwa spana kwenye puli ya kranki. Ikikataa, ongeza mafuta na subira. Ringi zilizoganda zikilazimishwa huvunjika, na gharama inapanda. Ikizunguka vizuri, fungua sampu na usafishe, kisha izungushwe bila plagi mpaka geji ionyeshe presha ya mafuta. Cheche inafuata baadaye.

Stata nayo ifunguliwe. Kwenye komyuteta, kati ya vipande vya shaba, aina nyingi za zamani zina ulanga, madini ya matabaka membamba yasiyopitisha umeme. Shaba huisha kwa kusuguliwa na brashi, ulanga unabaki umesimama, brashi zinarukaruka na stata inakosa nguvu. Dawa yake ni kukwangua ulanga ushuke chini ya shaba kwa milimita 0.5 hadi 0.8. Madini hayohayo yamechimbwa Uluguru tangu enzi za Wajerumani, kwa hiyo hakuna mkoa ambao fundi wake angepaswa kuyafahamu zaidi ya huu.

Kabureta zake mbili za Hitachi zinaweza kupimwa hapahapa. Mji uko karibu mita 500 juu ya usawa wa bahari. Morningside, juu mlimani, ni kama mita 1,300. Kwa tofauti hiyo hewa inapungua uzito kwa takriban asilimia 8, na gari lililorekebishwa mjini litachoma petroli nyingi kupita kiasi huko juu. Panda mlima, zima injini ikiwa bado inavuta, toa plagi na usome rangi: nyeusi yenye masizi inamaanisha mchanganyiko ni mzito, kahawia hafifu ni salama.

Kuhusu breki sina mjadala. Mipira yote ya masta silinda na ya magurudumu ibadilishwe, hata ikionekana mizima, maana mafuta ya breki hunyonya maji na kuozesha silinda kutoka ndani. Hapa historia haina haki yoyote.

Kama una Datsun ya zamani uani, iwe ni 240Z au 1600 SSS, usimpe mnunuzi wa chuma chakavu wala mpiga rangi kabla hujaipiga picha kila upande, hujanakili namba ya injini na ya bodi, na hujainua mazulia kuona sakafu. Anzia hapo, kisha mwite fundi wa kuchomelea. Wa rangi aje mwisho, na kama gari hilo lilipata makovu yake kwenye mashindano, asiitwe kabisa.