"Kikata Umeme": Istilahi Inayompotosha Fundi

Kijitabu kimoja cha mafunzo ya ufundi kilichofika mezani petu chaeleza jinsi ya kutafuta hitilafu katika mfumo wa kuwashia wa injini ndogo za petroli, kama zile za pampu za maji na misumeno ya kukatia miti. Kwa jumla lugha yake ni safi, na mfasiri astahili pongezi kwa kubakiza plagi, koili na waya, maneno ambayo kila fundi anayajua. Lakini iko istilahi moja ambayo hatuwezi kuinyamazia.

Swichi ya kuzimia injini imeitwa "kikata umeme". Katika gari linalowashwa kwa betri jina hilo lisingekuwa na ila, kwani huko kuzima ni kukata njia ya umeme. Injini yenye magneto ni mbali. Sumaku iliyomo katika flaiwili hupita karibu na koili na kuzalisha umeme. Pointi zinapoachana, umeme huo hukatika ghafla, na hapo ndipo cheche huruka kwenye plagi. Swichi ya kuzimia haikati kitu. Huunganisha waya wa koili na bodi ya injini, ili hata pointi zikiachana umeme ubaki na njia ya kupita, na cheche isitokee. Injini nyingi za leo hazina pointi, kazi yake ikifanywa na kifaa cha elektroniki, lakini namna ya kuzima ni ile ile.

Tazama basi matokeo. Kijitabu chamwagiza mwanafunzi asiyeona cheche achunguze kama waya wa "kikata umeme" umekatika. Inaelekea agizo hilo lilizaliwa na jina lenyewe, nalo ni kinyume cha ukweli. Waya huo ukikatika, cheche haipotei. Kinachopotea ni uwezo wa kuizima injini. Cheche hupotea waya unapochubuka ukagusa bodi. Fundi mwenye kujua huuchomoa waya huo kwanza, kisha hujaribu tena. Cheche ikija, ubovu umo katika waya au swichi. Isipokuja, huendelea kupima koili. Aliyelifuata jina atanunua koili bila sababu, au, vibaya zaidi, atashika msumeno usiozimika kwa swichi.

Huenda mtu akasema kwamba jina ni jina tu. Kwa fundi mzoefu ni kweli. Lakini mwanafunzi hulijua jina kabla ya kukijua kifaa.

Twapendekeza "swichi ya kuzimia". Jina hili lataja kazi ya kifaa, wala halidai kueleza namna kinavyoifanya. Istilahi inayoeleza kidogo ni bora kuliko inayoeleza uongo. Nasi tunaosanifu istilahi hatuna budi kumwita fundi akifungue kifaa mbele yetu kabla hatujakipa jina.