Juu ya Neno "Takatifu"

Vitabu vingi vya ufafanuzi wa Maandiko tunavyovitegemea vyuoni vimeandikwa kwa Kiingereza. Humo tunasoma kwamba neno "holy" lilitokana na neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya uzima na ukamilifu. Na neno la Kijerumani "heilig", alilolitumia Luther katika Biblia yake ya 1534, ni ndugu yake. Basi mhubiri hupanda mimbarani hapa Ipagala na kutangaza kwamba mtakatifu ni "mtu mzima." Msharika husikia habari za umri! Twasema kwa heshima: hayo ni maelezo ya neno la Waingereza, wala si ya neno lililo katika Biblia ya washarika.

Neno letu lina asili nyingine. Limetoka katika kitenzi kutakata. Mbingu hutakata baada ya mvua. Nguo hutakata ikiisha kufuliwa. Katika nyanda hizi kavu za Dodoma, penye vumbi jingi na maji haba, msikilizaji husikia kwanza usafi. Ndipo mwenye dhamiri nyonge hujiona bado ana waa, akajizuia asiikaribie Meza ya Bwana.

Wengine, wakifuata Kiebrania, hufafanua kwamba mtakatifu ni "aliyetengwa." Maana hiyo ni nzuri, lakini katika sharika zetu kutengwa ni adhabu, na aliyetengwa hungoja siku ya kurudi kundini. Tusipoongeza kwamba ametengwa kwa ajili ya Mungu, twaweza kuhubiri hukumu mahali pa neema.

Sisi twaona kwamba dawa imo ndani ya lugha yenyewe. Kutoka kutakata huja kutakasa, na kutoka kutakasa huja kutakaswa. Kitenzi hiki cha mwisho hudai mtendaji: hakuna atakaswaye pasipo mtakasaji. Paulo aliwaita hivyo Wakorintho, watu wenye faraka na mashtaka. Na Luther, katika Katekisimo Ndogo ya 1529, aliiweka kazi hiyo mikononi mwa Roho Mtakatifu, si katika nguvu za aaminiye.

Basi, ndugu watumishi, kila tulitamkapo neno "takatifu", tumtaje na atakasaye. Msharika asiyesikia habari zake atakwenda kujitafutia sabuni mwenyewe.