Mtandao Umegoma: Ngeli, Utashi na Mashine za Filamu

Katika The Terminator (1984), muuaji aliyetumwa kutoka wakati ujao ana umbo la mwanadamu. Mfasiri anayesimulia filamu katika banda la video, kazi iliyompa Lufufu umaarufu nchini Tanzania, atampa upatanisho wa A-WA bila kusita: anakuja, anaua. Skynet, iliyomtuma, ni mtandao wa kompyuta. Hubaki katika U-I: umeamua, umeagiza. Kisarufi, aliyetumwa ana uhai kuliko kilichomtuma.

Hata hivyo, ngeli peke yake haielezi utashi. Kwenye madirisha ya huduma, Moshi mjini hata Marangu, mteja huambiwa "mtandao umegoma" au "mashine imekataa". Vitenzi ni vya mwenye nia, ilhali upatanisho ni wa kitu. Msemaji haamini kwamba mashine ina nia. Kauli yake humwondoa tu mtenda. Aliyeipangia mashine masharti ya kukataa hatajwi.

Filamu ya Hollywood hufanya vivyo hivyo kwa kishindo zaidi: waliounda Skynet hupitiwa kwa maneno machache, lawama ikabaki kwa mtambo. Pumzi (2009) ya Mkenya Wanuri Kahiu ni makini zaidi. Mashine inayogundua ndoto ya Asha na kumwamuru ameze dawa haina chuki wala hila. Ni chombo cha mamlaka, nayo mamlaka ina nyuso.

Kwa hiyo, uhakiki wa filamu za akili mnemba hauna budi kuanza na swali la kisintaksia: mtenda ni nani?