Ndege za Nyumbani na Swali la Joto

Kila kijana wa Afrika Mashariki anapounda ndege uani kwao, magazeti yetu huandika habari za aina mbili tu. Aina ya kwanza humsifu: kipaji, fahari ya taifa, serikali imsaidie. Aina ya pili humcheka: bati lenye mabawa, halikunyanyuka hata futi moja. Mwaka 2010 Gabriel Nderitu, mtaalamu wa kompyuta wa Kenya, alionyesha ndege aliyoijenga nyumbani kwa injini ya gari la Toyota, na habari zake zikafika mbali. Swali lililotawala lilikuwa lile lile: je, itaruka?

Nimeshinda miaka mingi katika chuo cha ualimu nikiwafundisha walimu watarajiwa namna ya kusahihisha. Kazi haisahihishwi kwa makofi wala kwa kicheko, bali kwa kipimo chake. Injini ya gari iliyopandishwa angani ina kipimo chake, na kwa maoni yangu cha kwanza ni hiki: joto litatokea wapi?

Watu wa Mara wanalijua swali hilo pasipo kwenda chuoni. Pale Mwigobero, Musoma, mashine ya mtumbwi hunyonya maji ya ziwa na kuyatema pembeni. Mvuvi akiona mchirizi ule umekatika, huzima mara moja. Kwenye mashine ya kusaga kule Butiama, pipa la maji husimama kando ya injini ya dizeli. Maji moto hupanda, ya baridi hushuka, na unga husagwa mchana kutwa. Pikipiki za Bunda hupozwa na upepo unaopita kwenye mapezi ya silinda, ndiyo maana hulalamika zikipanda kilima polepole na abiria wawili na gunia. Mvuvi ana ziwa, msagishaji ana pipa. Rubani ana upepo peke yake, na hana pa kuegesha.

Tuchukue mfano mgumu kuliko wa Toyota. Baadhi ya wajenzi wa ndege za nyumbani, hasa Marekani, huchagua injini ya rota iliyobuniwa na Mjerumani Felix Wankel, ambayo kampuni ya Mazda ya Japani iliiweka kwenye magari yake tangu Cosmo ya mwaka 1967 hadi RX-8, iliyokoma mwaka 2012. Haina pistoni wala vali. Ile iitwayo 13B ina ujazo wa sentimita za ujazo 1,308 tu, ni ndogo kwa umbo, na hutoa nguvu nyingi. Kwa mtu anayehesabu kila kilo, ni kishawishi kikubwa.

Lakini injini hiyo ina tabia yake. Katika injini ya pistoni, chumba kinachowaka moto ndicho hicho hicho hupokea hewa baridi. Katika rota, moto huwaka upande mmoja wa kasha siku zote, na hewa mpya huingia upande mwingine. Upande wa moto hauonji ubaridi kamwe. Rota yenyewe, iliyo ndani, hupozwa na oili, hata takriban theluthi moja ya joto la kupoza hupitia kwenye oili hiyo. Kwa hiyo mjenzi anahitaji rejeta ya maji na rejeta ya oili, na ya pili si pambo. Ikichemka, aluminiamu ya kasha na chuma cha kuta zake hutanuka kwa viwango tofauti, sili za maji huharibika, na injini imekwisha.

Tena gari barabarani hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu zake. Ndege hupanda kwa nguvu zote kwa dakika kadhaa, huku ikienda polepole. Hapo ndipo hesabu inapouma, kwa sababu kanieneo la upepo unaoingia hufuata kipeo cha pili cha mwendo: mwendo ukipungua nusu, kanieneo hubaki robo. Na hewa yetu ni nyepesi. Ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Siku yenye joto la nyuzi 30, hewa ya Musoma ni pungufu kwa takriban asilimia 17 kuliko ile ya kawaida ya vitabuni. Maji yenyewe huchemka hapa kwenye nyuzi 96 hivi, usipoyafunga kwa kifuniko cha rejeta chenye springi.

Mjenzi asiyejua haya huongeza ukubwa wa rejeta na kupanua mdomo wa kuingizia hewa. Mara nyingi ugonjwa uko nyuma, pa kutokea. Hewa isiyo na njia ya kutoka haiingii, hata ukiifungulia mlango wa kanisa. Njia nzuri huanza na mdomo mdogo, hupanuka taratibu ili upepo upunguze mwendo na kanieneo lipande, hupita kwenye rejeta, kisha husinyaa ili hewa itoke kwa kasi. Mwingereza F. W. Meredith alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba njia ya namna hiyo, kwa kutumia joto lenyewe, hurudisha sehemu ya nguvu inayopotea kwa ukinzani. Tumbo la Mustang, ndege ya kivita ya Marekani iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1940, lilifuata somo hilo.

Sasa tuwarudie waandishi wetu. Anayesifu bila kuuliza habari ya joto anamsukuma kijana apae na injini itakayozimika juu ya miti, mita mia moja kutoka chini, pasipo mahali pa kutua. Anayecheka humnyima kijana yule yule somo ambalo lingemfaa. Wote wawili wamempa alama bila kusoma karatasi yake.

Mwandishi mwema angeuliza vitu vichache. Kipimajoto cha oili kiko wapi? Injini imeendeshwa kwa nguvu zote kwa dakika ngapi, ndege ikiwa imefungwa chini, na maji yalifika nyuzi ngapi? Kanieneo mbele na nyuma ya rejeta limepimwa? Kipimo hiki cha mwisho hakihitaji fedha za wafadhili. Mrija mwangavu uliopindwa kama herufi U na kutiwa maji, ule wa maabara ya sekondari, unatosha. Kwa hewa ya Musoma, mwendo wa kilomita 90 kwa saa unaweza kuinua maji sentimita 3 hivi. Kwa kilomita 180, sentimita 13. Kijana anaweza kuanza kujifunza kwa gari la kukodi kwenye lami ya kwenda Bunda, kabla hajagusa bawa.

Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alitoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967. Tangu hapo neno kujitegemea limepakwa kwenye kila kitu kilichochomelewa nyumbani. Mimi naona anayejitegemea ni yule anayeweza kujipimia kazi yake kabla haijampima yeye. Kijana akinionyesha ndege yake, nitainama kwanza niangalie hewa inatokea wapi. Akiwa na jibu, na namba alizoziandika mwenyewe, nitampa alama za juu hata kama ndege bado haijanyanyuka.