Asilimia 96 ya Maabara, Asilimia 0.76 ya Juani

Mwaka 2020 timu ya Kazunari Domen huko Japani ilitangaza kichocheo ambacho, kikimulikwa, hutumia hadi asilimia 96 ya fotoni kupasua maji kuwa hidrojeni na oksijeni. Mwaka uliofuata wakaeleza mtambo wao wa mita za mraba 100 uliowekwa nje, Ishioka, kwa kichocheo cha aina hiyohiyo. Ufanisi wake haukuvuka asilimia 0.76 ya nishati ya jua. Tarakimu zote mbili ni za kweli.

Kichocheo chenyewe ni unga wa strontiamu titaneti uliotiwa alumini kidogo. Mwanga ukiupiga, elektroni hung'oka na kuacha tundu: elektroni hutengeneza hidrojeni, tundu hutengeneza oksijeni. Kikwazo, tangu Fujishima na Honda walipochapisha jaribio lao la kupasua maji kwa mwanga mwaka 1972, ni kwamba viwili hivyo hurudiana upesi na nishati ikapotea kama joto. Timu ya Domen ilikuza fuwele zenye nyuso za aina mbili, elektroni zikawa zinaelekea huku na matundu kule. Kisha ikafuata hatua ambayo kwangu ndiyo ya kijanja kuliko zote. Fuwele zilitiwa katika maji yenye chumvi za metali, taa ikawashwa, na elektroni zenyewe zikaigandisha rodiamu pale zinapotokea. Matundu nayo yakafanya vivyo hivyo kwa kobalti. Hakuna aliyelazimika kuchagua uso upi upakwe nini. Rodiamu ikavikwa ganda la oksidi ya kromiamu ili oksijeni isiifikie, maana ikiifikia, gesi hizo huungana na kuwa maji tena.

Sasa, zile 96 zilipimwa kwa mwanga wa nanomita 350 hadi 360, yaani urujuanimno. Jua lina kiasi kidogo tu cha miale hiyo, na mwanga mwingine wote, hata ule tunaouona kwa macho, unga huu hauna habari nao. Kuuboresha zaidi hakutasaidia kitu. Inatakiwa nyenzo nyingine.

Mtambo wenyewe ulikuwa na paneli 1,600, kila moja ya sentimita 25 kwa 25, na maji ya kina cha milimita 0.1 tu kati ya kioo na kichocheo. Gesi zote mbili hutoka pamoja, mchanganyiko unaolipuka kwa cheche moja. Watafiti waliuwasha kwa makusudi, paneli zikabaki salama, kisha hidrojeni ikachujwa kwa utando wa polimaidi.

Paneli ya kawaida ya umeme wa jua yenye ufanisi wa asilimia 20, ikiunganishwa na kifaa cha kupasua maji chenye ufanisi wa asilimia 70, hutoa asilimia 14. Kuifikia mita moja ya mraba ya mpangilio huo, unga wa Domen unahitaji mita 18, pamoja na vioo, mabomba na mchujo wa gesi wa eneo lote hilo.