Mvua ya Kilwa au mkongo wa Durban? Namba za ruta zilikuwa na jibu

Mei 2024 mikoa ya kusini ilipigwa mara mbili ndani ya muda mfupi. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilifika pwani, na mvua yake ikaikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi wilayani Kilwa, Somanga ikawa haipitiki. Jumapili ya tarehe 12 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ikakatika upande wa Afrika Kusini, kaskazini mwa Durban, na intaneti ya Tanzania ikanywea kwa mpigo. Kwa aliyekaa Ruangwa au Nachingwea, mkoani Lindi, akisubiri ukurasa ufunguke, matatizo hayo mawili yana sura moja: duara linazunguka, halimaliziki. Mtu ambaye wiki nzima amekuwa akisikia habari za madaraja kusombwa angeilaumu mvua bila kufikiri mara mbili, na fundi angepanda mnarani kutafuta hitilafu ambayo haikuwa hata ndani ya nchi. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba ruta yoyote ya wilayani, hata ile ya bei ndogo, huwa na namba za kutosha kutenganisha matatizo hayo. Shida ni kwamba wengi wetu tunaangalia namba isiyo sahihi: tunatazama kasi, wakati ushahidi wenye uzito umo kwenye pakiti zilizotupwa na pakiti zilizoharibika.

Kwanza tuelewe ruta inahesabu nini. Haipimi kasi, inajumlisha. Kila kiolesura, yaani kila tundu la waya au redio, kina vihesabio vinavyopanda tu: baiti zilizoingia, baiti zilizotoka, pakiti zilizofika zikiwa na makosa, na pakiti zilizotupwa kwa sababu foleni ilijaa. Kasi tunaikokotoa sisi, au programu inatukokotolea. Tuseme kihesabio cha kuingia kimeongezeka baiti 45,000,000 katika sekunde 60: zidisha kwa nane, gawa kwa sitini, unapata megabiti 6 kwa sekunde. Amri ya monitor-traffic kwenye ruta za MikroTik hufanya hesabu hiyo hiyo, ila kwa kurudiarudia haraka mbele ya macho yako. Desturi ya kusoma vihesabio kila baada ya dakika tano tumeirithi kwa MRTG, programu ambayo Tobias Oetiker aliianza mwaka 1994 katika Chuo Kikuu cha De Montfort, Leicester, ambako laini pekee ya kutoka nje ilikuwa ya kilobiti 64 na kila mtu alitaka kujua hali yake. Kwa laini ile dakika tano zilitosha. Kwa laini za leo hazitoshi, na kihesabio cha zamani cha biti 32 ndicho kinachoumbuka: kikifika baiti bilioni 4.29 kinaanza upya sifuri. Laini ya megabiti 100 ikijaa, hilo hutokea chini ya dakika sita. Laini ya gigabiti moja ikijaa, sekunde 34. Anayesoma kila dakika tano hapo anachora grafu ya uongo. Ndiyo maana viwango vya SNMP, itifaki ya kusomea vihesabio hivyo kwa mbali, viliongeza vihesabio vya biti 64, na fundi anayejua kazi yake huhakikisha kwanza kwamba anasoma hivyo.

Sasa turudi kwenye ile Jumapili. Sababu ya pigo kuwa kubwa ni kwamba mwezi Februari mwaka huo huo Seacom ilikuwa imeshakatika katika Bahari ya Shamu, hivyo njia ya kaskazini ilikuwa tayari ina kasoro wakati ya kusini ilipokatwa. Trafiki ya ng'ambo ikabanwa kwenye njia chache zilizobaki. Ukiwa Nachingwea, ruta yako ingekuonyesha nini? Taa ya kijani, kwanza kabisa, kwa sababu kati yako na mtoa huduma hakuna kilichoguswa. Makosa ya pakiti, hakuna ongezeko. Pakiti zilizotupwa kwenye foleni yako, hakuna. Kilichoshuka ni baiti zinazoingia, kwa kuwa kompyuta za ng'ambo zinapokosa majibu kwa wakati hupunguza mwendo zenyewe. Ushahidi wa namna hiyo, kiasi kimeshuka huku vihesabio vya kasoro vimetulia, unasema jambo moja: tatizo liko mbele, si kwako. Waya uliolowa au tundu lililoingia kutu huongea kwa namna nyingine. Makosa hupanda, mara nyingi hata kabla watumiaji hawajalalamika. Na laini ikiwa ndogo kuliko mahitaji, grafu haishuki kabisa. Inapanda mpaka kiwango ulichonunua kisha inalala bapa kama meza.

Kuna pingamizi zito hapa, na halijibiki kwa neno moja. Redio za kisasa za minarani, mvua ikizidi, hupunguza kasi zenyewe ili pakiti zisiharibike. Kwa hiyo mvua kubwa inaweza kushusha trafiki bila kuacha alama hata moja ya makosa, na ruta ya Ruangwa peke yake isingeweza kuapa kwamba Hidaya haihusiki. Hilo ni kweli. Jibu ni kutosoma ruta moja. Ukiweka grafu ya Ruangwa kando ya ile ya ofisi iliyoko Mbeya, na zote zikaanguka dakika ile ile, mvua ya Lindi inatoka kwenye orodha ya watuhumiwa. NetBlocks na Cloudflare, wanaofuatilia hali ya intaneti duniani, walifanya jambo la aina hiyo kwa nchi nzima, na wakaonyesha mapema kuwa tatizo lilivuka mipaka. Lakini wao wanaitazama nchi kwa jumla. Siku ambayo Ruangwa pekee itazimika, grafu ya Tanzania haitatikisika, na hakuna mtu wa mbali atakayetangaza.

Wengine watasema mizunguko yote hii ya nini, wakati simu ina programu ya kupima spidi. Kipimo hicho hupima muda mfupi tu, kwa njia moja, na chenyewe hujaza laini unayotaka kuikagua. Zaidi ya hapo hupima kitu ambacho shughuli muhimu ya wilaya hizi haikihitaji sana. Minada ya ufuta na korosho ya chama kikuu cha ushirika cha RUNALI siku hizi inapitia mfumo wa kielektroniki wa soko la bidhaa la TMX, na bei anayoweka mnunuzi ni data ndogo mno. Haihitaji megabiti kumi. Inahitaji pakiti zake chache zisitupwe katika dakika za mwisho za mnada. Chukua laini ya megabiti 10 iliyojaa pomoni kwa dakika moja, kisha ikabeba megabiti 2 kwa dakika nne: wastani wa dakika tano ni megabiti 3.6, na msimamizi ataandika kwamba karibu theluthi mbili ya laini ilikuwa wazi. Mkulima wa Nachingwea anajua kosa hili bila kufundishwa. Jumla ya mvua ya mwaka haikwambii kama ilinyesha mbaazi zikiwa zinaihitaji. Kihesabio cha pakiti zilizotupwa hakina udhaifu huo. Hakipigi wastani. Zikitupwa mia mbili katika dakika ile moja, mia mbili zitabaki pale hata ukisoma baada ya saa nzima, na kwa sababu hiyo anayeogopa kuielemea ruta ndogo kwa kuisoma kila sekunde hana haja ya kuogopa. Mara moja kwa dakika inatosha.

Mipaka ipo. Vihesabio havionyeshi ucheleweshaji, hivyo ping, yaani kipimo cha muda wa pakiti kwenda na kurudi, ya mara kwa mara kuelekea seva ya Dar es Salaam na nyingine ya ng'ambo ni lazima iambatane navyo. Mei 2024 tofauti ya hizo mbili ingemaliza ubishi mapema. Na kuna jambo ambalo mikataba mingi ya intaneti hailigusi: pakiti inayokuja kwako hutupwa upande wa anayeituma. Ruta ya chama cha msingi cha ushirika (AMCOS) au ya halmashauri inaona nusu ya hesabu tu, na nusu ya pili imo kwenye kiolesura cha mtoa huduma kinachomtazama mteja. Msimu wa minada ya ufuta huanza katikati ya mwaka, na hapo ndipo nusu hiyo ya pili inapohitajika. Mteja anayelipia laini kwa ajili ya mnada ana haki ya kudai kuona kihesabio hicho kimoja, cha pakiti zilizotupwa wakati wa kutoka, dakika kwa dakika, na kukiweka kwenye mkataba kabla ya kutia saini.